Picha Mbaya za Mzee wa Migomba

Siku yangu ya kwanza kazini, picha zangu zote zilitupwa kwenye ndoo. Ilikuwa muda mfupi baada ya Uhuru, katika ofisi ndogo ya habari pale Lushoto: vyumba viwili nyuma ya Bomani, kimoja cha meza na kingine cha giza. Mimi nilikuwa msichana niliyemaliza darasa la nane, najua kusoma, kuandika na kuitikia wakubwa kwa adabu. Aliyenipokea alikuwa Mpiga Picha wa Wilaya, Mzee Mbelwa, mtu mrefu mwenye koti la mvua ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Alinionyesha mara moja jinsi ya kuchapa picha, akatoka kwenda kunywa chai. Aliporudi alizitazama nilizochapa, moja baada ya nyingine, akaziachia ndooni.

"Zina nini, mzee?" nikauliza.

"Hazina kitu. Ndiyo maana ziko kwenye ndoo. Chapa nyingine."

Nilikwenda nyumbani nikalia. Mama akaniuliza kama mzee huyo amenitukana, nikamwambia hapana. Amenifokea? Hapana. Basi akaniambia nirudi kesho yake, kazi ni kazi.

Ninyi vijana mnaopiga picha kwa simu na kuiona hapohapo, ngoja niwaeleze tulivyofanya sisi. Filamu ikitoka kwenye kamera iliingizwa kwenye dawa ya kusafishia, gizani, na picha ikajitokeza kinyumenyume: weusi wakawa weupe, na weupe wakawa weusi. Hiyo ndiyo negativu. Kisha negativu iliwekwa kwenye mashine ya kukuzia, mwanga ukapita ndani yake ukaangukia karatasi maalumu, na karatasi nayo ikaoshwa kwenye dawa chini ya taa nyekundu. Pale Lushoto adui wetu alikuwa baridi. Dawa ikiwa baridi hulala, picha hutoka na rangi ya majivu. Kwa hiyo tulipasha maji kwenye jiko la mkaa, na Mzee Mbelwa aliyapima kwa kiwiko, kama mama anayetaka kumwogesha mtoto. Miezi ya ukungu karatasi hazikukauka mpaka tuzianike juu ya jiko hilohilo, na wageni waliokuja ofisini walidhani tunapika.

Wakati huo Mzee Mbelwa alikwishakuwa mtu mashuhuri. Asubuhi ya Uhuru aliwapiga picha watu wa Lukozi wakishuka mlimani kwenda kwenye sherehe, mvua inanyesha, mstari mrefu wa watu wamejifunika majani ya migomba vichwani. Uso hata mmoja huuoni vizuri, lakini unaona kwamba watu wale wanakwenda mahali wanapopataka wenyewe. Picha ile ilitiwa kwenye kalenda, ikatundikwa katika ofisi, mashule na maduka, na tangu hapo watu wakamwita Mzee wa Migomba. Yeye jina hilo hakulipenda. Alisema limempa mgomba mmoja na kumnyang'anya shamba zima.

Nilikaa chini yake mpaka ndoo ikaanza kupata picha chache. Kisha nikahamishiwa Tanga, chini ya Fundi Mkuu wa Chumba cha Giza, mtu wa maneno machache aliyenifundisha kutunza negativu zisiliwe na ukungu wala mende. Baadaye nikapelekwa Dar es Salaam, chini ya Mhariri wa Picha. Mhariri wa picha hapigi picha. Kazi yake ni kuchagua ipi itolewe na ipi ibaki, kwa hiyo hapendwi na mtu. Huyu wangu alikuwa na marundo matatu mezani: za kutundika, za kubishania na za kutupa. Alisema picha isiulizwe imepigwa na nani, iulizwe inataka nini ukutani. Nilipoizoea kazi hiyo nilirudishwa Tanga nikiwa Mhariri wa Picha wa Mkoa, na hapo ndipo yakanikuta haya ninayotaka kuyaeleza hasa.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Ofisi yetu iliagizwa kuandaa maonyesho ya picha za vijiji vya milimani, yafunguliwe wakati wa Saba Saba katika ukumbi wa Lushoto, na mgeni rasmi awe mkubwa kutoka mkoani. Afisa Habari, aliyekuwa bosi wangu, alitaka jina kubwa, na jina kubwa milimani lilikuwa moja tu. Mzee Mbelwa alikwishastaafu, anaishi Lukozi na mkewe, analima kabichi. Akaletewa filamu, akakubali. Aliombwa apige picha za nyumba zilizopangwa mistari, mashamba ya pamoja na umati wa wanakijiji na majembe yao. Mtu aliyeandika maagizo yale hakuwa amepanda Usambara, maana mlima haukubali mistari, nyumba hukaa pale inapopata nafasi.

Alikuja na picha zake mwenyewe Tanga, kwa basi, zimefungwa kwenye kanga ya mkewe. Katika kamati tulikuwa watatu: Afisa Habari akiwa mwenyekiti, Afisa Utamaduni, na mimi. Tulisimama wote, tukampa shikamoo yake, akaitikia, akazitandaza mezani.

Hapakuwa na nyumba. Hapakuwa na shamba, wala umati. Zilikuwa nyuso tu. Uso wa mtu mmoja umejaza karatasi, halafu mwingine, halafu mwingine, wote kwa umbali uleule, na nyuma yao weupe tu wa ukungu. Baadhi zimetoka wazi, nyingine zimefifia.

"Nzuri sana, mzee," akasema Afisa Habari.

"Kazi ya mkono wa mtu mzima," akasema Afisa Utamaduni. "Mungu akuzidishie."

Mzee akanigeukia mimi. Nikasema, "Tumezipokea, mzee wangu." Yeye akatutazama mmoja mmoja, akashukuru, akakunja kanga yake. Hakuuliza lolote. Mtu aliyewahi kumfahamu angejua kwamba hilo halikuwa jambo la kawaida kwake.

Alipotoka tu, Afisa Habari akajishika kichwa. "Huyu mzee macho yamekwisha! Sasa tutafanyaje?" Uamuzi wake ukawa huu: tutundike ile ya migomba na nyingine za zamani, tuandike jina lake kwa herufi kubwa, na hizi mpya tumwambie zimehifadhiwa kwa heshima. Afisa Utamaduni akaongeza kwamba ikibidi tumtafute mzee mwenzake amfikishie taratibu, maana kwetu habari ngumu haipelekwi kwa mtu mzima na mtoto wake. Inapitia kwa rika lake, na inapofika imekwishalainishwa mpaka haina mfupa.

"Lakini mmemwambia nzuri," nikasema.

"Ulitaka nimwambieje? Yule ni baba yangu kwa umri. Heshima si utumwa, Hadija."

"Na watu watakuja kuona vijiji vya leo kwenye picha za siku ya Uhuru?"

Akakereka. "Basi nenda wewe ukamwambie. Si ni mwalimu wako?"

Nilizichukua zile picha nikajifungia nazo. Nilifanya kama nilivyofundishwa Dar es Salaam, marundo matatu, na kwanza nikaligeuza chini jina lake. Nataka mjue kwamba kazi hii ni ngumu kuliko kupiga picha. Ukimtazama mzee unayempenda, kila kilichofifia unataka kukiita hekima. Na ukiwa umewasikia wakubwa zako wakisema macho yamekwisha, hata kizuri unakiona kama bahati. Nilizitazama asubuhi, nikazitazama tena jioni, nikaziacha, nikazirudia.

Nyingi zilikuwa mbaya. Sina namna ya kulisema hilo kwa upole. Uso baada ya uso, wamekodoa macho, unapogeuza ya tano umeshaisahau ya kwanza. Lakini humo ndani zilikuwamo chache zilizonisimamisha. Mwanamume mmoja wa kijiji cha Bungu, umande umetua kwenye nyusi zake, anatazama kama mtu aliyeulizwa swali ambalo hajawahi kuulizwa. Mchuma chai aliyetoka mbali, mwenye chale za kwao mashavuni, mdomo unataka kucheka na macho bado hayajaamua. Zile za zamani zilikuwa picha za watu wengi wanaokwenda mahali. Hizi zilikuwa za mtu mmoja aliyefika, na hana hakika kama ndipo. Sikuwahi kuona picha za vijiji zilizosema hivyo, wala sikudhani ofisi yetu ilikuwa tayari kuzisikia. Niliweka chache upande wa kutundika, na moja upande wa kubishania.

Nikapanda basi la Lushoto, na kutoka hapo nikapata lori la mboga mpaka Lukozi. Nilibeba sukari na majani ya chai, maana mkono mtupu haulambwi, hasa mkono uliobeba habari mbaya.

Nilimkuta Mzee Mbelwa amekaa mlangoni, koti lake la mvua mwilini, mkewe anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, tate." Kwetu tate ni baba, na nilimwita hivyo tulipokuwa nje ya ofisi.

"Marahaba, mwanangu. Wamekutuma?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Hawajapata mzee wa kumtuma?" Akacheka kidogo. "Haya, sema. Nzuri sana, eti?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mkewe aliacha kuchambua. Nikasema, "Nyingi ni mbaya, tate."

"Rudia."

"Nyingi ni mbaya."

Mkewe akasema kitu kwa Kishambaa, haraka, ambacho sitakiandika hapa, ila maana yake ilikuwa kwamba watoto wa siku hizi wamelelewa na mbuzi. Mzee akainua mkono kumnyamazisha. Akavuta stuli akaisogeza penye mwanga, akapangusa mikono kwenye koti.

"Zipi?" akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa ile ya chumba cha giza. "Lete hapa. Zipi?"

Nilimpangia marundo matatu chini, juu ya mkeka. Ndipo akaniambia maneno ambayo mpaka leo sijayasahau. "Hadija, nilipokuwa kijana Mzungu aliyenifundisha alikuwa anachana picha zangu mbele yangu. Nilimchukia. Tanga juzi nimewawekea picha mezani, hakuna aliyechana hata moja. Nikarudi kwenye basi nikajua kwamba nimekwisha. Wameniaga wale. Wamenisomea hitima ningali napumua."

Kisha akanieleza kuhusu macho. Alikuwa na mtoto wa jicho, yale macho yanayoingia utando, na asingeweza tena kuona ndani ya kamera kama picha imekaa sawa au imefifia. Basi alikuwa ameifunga lenzi yake kwa plasta, isizunguke, ibaki kwenye umbali mmoja. Kwenye kamera akafunga kamba ya katani yenye urefu wa umbali huo. Anayepigwa picha hushika ncha ya kamba, huigusisha shavuni, kamba ikinyooka tu mzee anajua wamefika, basi mtu anaiachia na yeye anabofya. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alinifanyia na mimi palepale. Nilishika kamba shavuni, naye yuko karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, macho yake meupe yananitafuta, na mimi nikajua kwa nini yule mtu wa Bungu alitazama vile. Si rahisi kumwekea uso wa uongo mtu ambaye mmeshikana kamba.

"Sasa umeelewa," akasema.

"Nimeelewa, tate. Lakini anayetazama ukutani haioni kamba. Anaona uso tu. Pale uso uliposhindwa kusema wenyewe, kamba haiusaidii."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Hiyo kweli," akasema. Akaanza kupitia rundo la kutupa, kila picha akiisogeza karibu na jicho la kushoto lililokuwa na nafuu. Zile alizoafiki kwamba ni mbaya alimpa mkewe awashie moto. Mbili alizitetea kwa ukali, nikashindwa, tukazihamishia rundo la kutundika. Moja ya zile nilizozisifu yeye mwenyewe aliitoa, akasema ile ni nzuri kwa sababu ya yule mtu, mpiga picha hakufanya kitu. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mkewe alituletea viazi, akaniwekea vikubwa, nikajua nimesamehewa.

Iliyobaki ilikuwa ile moja ya kubishania. Mwanamke wa kijiji cha Mgwashi, alishika kamba, halafu akaangua kicheko na kurudi nyuma wakati mzee anabofya. Uso umefifia wote, meno tu ndiyo unayahisi.

"Hii ndiyo picha kuliko zote," akasema Mzee Mbelwa.

"Hii ni kosa la kamba," nikasema. "Ukiipenda ni kwa sababu unakumbuka kicheko chake. Mimi sikukisikia."

"Utakisikia."

"Sikisikii, tate."

Alikasirika kweli. Aliichukua ile picha akaitia kwenye koti, akaniambia nifunge mizigo yangu, lori lisije likaniacha. Niliondoka nikidhani nimemuua. Kumbe kesho yake alfajiri, mkewe alinisimulia baadaye, alichukua kamera na kamba akaanza safari ya Mgwashi, na kwa barabara za wakati ule kutoka Lukozi hiyo si safari ya mzee.

Tulikuwa ukumbini tunapigilia misumari, maonyesho yafunguliwe kesho yake, alipoingia na matope mpaka magotini. Afisa Habari alikimbilia kumpa shikamoo. Mzee akaitikia bila kusimama, akaja moja kwa moja kwangu, akaweka picha mbili mezani. Moja ni ile iliyofifia. Nyingine ni mwanamke yuleyule, ametoka wazi kabisa, kila mkunjo wa uso unaonekana, ametabasamu kama mtu aliyeambiwa tabasamu.

"Haya, mwamuzi," akasema.

Nilizitazama. Sikuwahi kuogopa kazini kama siku ile. Kabla sijasema, yeye akaziwekea kidole moja baada ya nyingine. "Hii ina mtu, haionekani. Hii inaonekana, haina mtu. Uliniambia kweli na mimi nilikuambia kweli. Zitupe zote mbili."

"Mzee, tafadhali," akasema Afisa Habari, "hii ya pili ni nzuri sana!"

"Wewe ulisema zote ni nzuri," akajibu Mzee Mbelwa. "Kaa kimya, mwanangu."

Nafasi ilikwishaachwa ukutani, msumari umekwishapigiliwa, na chini yake kijibao kimeandikwa Mgwashi. Afisa Habari aliniambia nijaze na ile ya migomba. Nikakataa. Nikamwambia anihamishe akitaka, tena nilisema mbele ya mafundi, jambo ambalo halikuwa la adabu. Nadhani hakunihamisha kwa sababu hakuwa na muda wa kutafuta mwingine.

Siku ya ufunguzi watu walijaa. Walikuja hata watu wa picha zenyewe, wamevaa nguo za sikukuu, wanasimama mbele ya nyuso zao kimya. Yule wa Bungu aligusa shavu lake mwenyewe. Mgeni rasmi alizunguka na ujumbe wake, Mzee Mbelwa pembeni, sisi wa ofisi nyuma tunatoka jasho. Alipofika kwenye msumari mtupu akasimama.

"Na hapa vipi? Imeanguka?"

Afisa Habari akafungua mdomo, lakini mzee akamtangulia.

"Hapana, mheshimiwa. Picha ya hapo bado naitafuta. Ipo Mgwashi. Mara mbili imenishinda."

Mgeni rasmi alimtazama mzee yule mwenye macho meupe na koti la mvua, akaonekana anataka kusema neno la kusifu, halafu akaliacha. "Basi ukiipata utuletee," akasema.

"Akiikubali huyu," akajibu Mzee Mbelwa, na akanionyesha mimi mbele ya watu wote. Nilipokea barua nyingi za pongezi katika kazi yangu. Hakuna iliyonipa furaha ya maneno yale.

Aliendelea kuniletea picha mpaka macho yalipofunga kabisa. Kila mara ni marundo matatu, kila mara ni ugomvi. Mgwashi alirudi tena na tena, na ile picha hakuipata. Alipofariki nilikwenda Lukozi kuzika, nikalia kama mtoto, na katika kilio kile niligundua kwamba silii kwa huruma. Nilikuwa nimepoteza mtu wa kubishana naye.

Mimi nami nimestaafu muda mrefu sasa. Nimerudi Lushoto, na nikanunua kamera ya filamu, kama zile za zamani, kwa sababu aliyewahukumu wengine maisha yake yote anapaswa naye kujaribu. Napiga picha soko, napiga mashamba ya kabichi, napiga majirani. Nikizionyesha, kila mtu anasema, "Nzuri sana, bibi." Wajukuu wanasema hivyo, mchungaji anasema hivyo, hata daktari. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi naona wazi maji yanavyoongezeka.

Kuna binti anafanya kazi studio moja karibu na stendi. Siku moja nilimpelekea filamu zangu asafishe, nikamwomba anichagulie nzuri za kutundika sebuleni. Nilipozifuata alinipa shikamoo, akainamisha kichwa, akasita. Kisha akazisogeza picha zote upande mmoja wa kaunta.

"Bibi, unisamehe," akasema. "Hizi, hapana."

Nilivuta kiti nikakaa. Moyo ulikuwa unanienda mbio kama wa msichana.

"Hapana kwa nini?" nikamuuliza. "Anza na ya kwanza."